UZI: Return of the Obra Dinn, gemu la meli iliyorudi bila mtu

Mwanzisha uzi, Mbeya

Wakuu, habari za jioni. Ukisema "gemu" pale Mwanjelwa au Kabwe, watu wanaelewa mpira: kibanda, televisheni mbili tatu, benchi la mbao na vijana wanaogombea zamu. Mpira naupenda na sina ugomvi nao. Ila leo nataka tuzungumzie magemu ya namna nyingine, yale ya kufumbua fumbo, yanayobebwa na hadithi na kutengenezwa na watu wawili watatu, au hata mtu mmoja. Nitajikita kwenye moja, Return of the Obra Dinn, kwa sababu naamini ndilo bora kuliko yote ya jamii yake, na wengi wetu hatujapata kusimuliwa habari zake kwa Kiswahili.

Aliyelitengeneza ni Lucas Pope, Mmarekani anayeishi Japani. Lilitoka Oktoba 2018 kwenye kompyuta, mwaka uliofuata likaingia PlayStation 4, Xbox One na Switch. Programu kaandika yeye, michoro yake, hadithi yake, hata muziki katunga mwenyewe. Sauti ndizo zimeigizwa na watu wengine.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1802 meli ya biashara iitwayo Obra Dinn inaondoka London kwenda Mashariki ya Mbali na shehena ya zaidi ya tani 200. Miezi sita baadaye haijaonekana Rasi ya Tumaini Jema ilikokuwa inasubiriwa, ikahesabiwa kuwa imepotea baharini. Halafu asubuhi moja ya Oktoba 1807 inaonekana imeelea hadi bandari ya Falmouth, Uingereza. Matanga yameharibika, na hakuna mtu anayeonekana. Wewe ni mkaguzi wa bima wa Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki. Unapelekwa melini kwa mashua, unapewa kitabu na saa ya mfukoni, na kazi yako ni kuandika kilichompata kila mmoja wa watu 60. Huyu ni nani, yaliyomkuta ni yapi, na kama aliuawa, nani alimuua.

Basi. Hakuna kazi nyingine.

Ile saa ndiyo roho ya gemu zima. Ukisimama kwenye mabaki ya marehemu ukaifungua, kioo kinakuwa giza tupu na unasikia sekunde zake za mwisho: mlango unagongwa, watu wanafokeana, kitu kinavunjika. Kisha unajikuta umesimama ndani ya dakika ile ile aliyokata roho, ila kila kitu kimeganda. Moshi wa bastola umening'inia hewani. Mtu anayeanguka bado hajafika chini. Unapita katikati yao taratibu, unachungulia nyuma ya mlango, unamwangalia kila mmoja usoni, alisimama wapi, ameshika nini, anamtazama nani. Ukitoka, ukurasa wa kitabu uko wazi unakusubiri.

Nitarudi na sababu za kulipenda hivi. Sitamwaga mtama kwenye kuku wengi, kwa hiyo ambaye hajacheza asome bila wasiwasi.

Mchangiaji, Uyole

Naweka kambi hapa mkuu. Swali la haraka: laptop yangu ni ya mtumba, ya zamani kidogo, RAM 4. Itabeba? Na kwenye simu lipo?

Mwanzisha uzi

Kwenye simu halipo, ndugu yangu. Kwa laptop, ukiliona utadhani ni gemu la miaka ya 1980, maana picha yake yote ni rangi mbili tu, giza na mwanga, imejaa nukta nukta kama gazeti la zamani. Unaweza hata kuchagua ifanane na kioo cha kompyuta gani ya kale. Lakini chini ya zile nukta ni meli kamili unayotembea ndani yake, ngazi kwa ngazi, kwa hiyo kadi ya picha inafanya kazi kweli kweli. RAM 4 nadhani itakubeba. Ukinunua kupitia Steam, duka la magemu la mtandaoni, na ukawa hujacheza zaidi ya saa mbili, unaweza kuomba hela irudi ndani ya siku 14, kwa hiyo jaribu bila hofu. Bei yake ni karibu dola 20. Kwa hali zetu ni hela nyingi, subiri kipindi cha punguzo. Bando halitakutesa, si kama haya ya mpira yanayomeza gigabaiti kwa makumi.

Hizo nukta nazo zina historia. Pope alikuwa akiandika maendeleo ya kazi yake hadharani, na alieleza kwamba mwanzoni ukigeuza shingo ndani ya gemu, nukta zote zilikuwa zinachemka kioo kizima hadi macho yanauma. Alihangaika nalo muda mrefu hadi akapata njia ya kuzifanya zitulie zifuate mwendo wa macho yako. Kampuni kubwa ingesema weka rangi tuendelee na mengine. Yeye aliona picha ile ndiyo gemu lenyewe, akakomaa nayo. Mwaka 2019 gemu likapata tuzo mbili za BAFTA, zile za Uingereza za filamu na magemu, moja ya sanaa na nyingine ya ubunifu wa gemu.

Mchangiaji, Tunduma

Huyu Pope si ndiye wa Papers, Please? Lile la afisa uhamiaji?

Mwanzisha uzi

Ndiye haswa. Lilitoka 2013, na tangu 2022 lipo kwenye simu, Android na iPhone, kwa hiyo asiye na kompyuta aanzie hapo. Unakaa kwenye kibanda cha mpakani katika nchi ya kubuni, watu wanapanga foleni, unakagua pasi, vibali, tarehe, picha na uzito. Wewe wa Tunduma utalielewa kuliko sisi wote. Unayaona malori yanavyojipanga kuelekea Nakonde, unajua karatasi moja yenye tarehe iliyopita inaweza kumlaza mtu njiani.

Na humo utaona tabia ya mtunzi huyu. Anachukua kazi ya ofisini ambayo mtu angesema inachosha, kukagua karatasi au kujaza daftari la bima, halafu anaweka binadamu ndani yake mpaka unashindwa kulala.

Mchangiaji, Tunduma

Nimelipakua. Mama mmoja kaja bila kibali na mumewe nimesharuhusu apite. Nimekaa nalitazama hilo dirisha muda mrefu.

Mwanzisha uzi

Umeshaingia.

Sasa narudi kwenye ahadi yangu.

Magemu mengi ya upelelezi yanakushika mkono. Unatembea chumbani, kitu kinang'aa, unabonyeza, linakuambia "umepata ushahidi", na mwisho mpelelezi aliyemo ndani anaeleza yote yeye mwenyewe wakati wewe umekaa. Obra Dinn halifanyi hivyo hata mara moja. Linakupa orodha ya majina yenye kazi na nchi ya kila mmoja, michoro ya watu wa melini iliyochorwa na msanii aliyekuwemo safarini, ramani ya meli, na kumbukumbu za vifo. Kuunganisha ni juu yako. Hakuna anayekueleza kwamba huyu mwenye ndevu ndiye seremala.

Kumbukumbu zenyewe hazikujii kwa mpangilio. Unaanza na waliokufa mwisho kabisa, unarudi nyuma. Ndani ya kumbukumbu moja unaona maiti nyingine sakafuni, saa inakupeleka kwake, na huko unakuta chanzo cha ugomvi ambao dakika chache zilizopita uliuona umefika mwisho. Kwa hiyo unajua kabla ya kujua. Unamwona mtu anacheka mezani na wewe umeshaona atakavyokufa.

Halafu kuna kanuni ya tatu tatu, na hii ndiyo akili kubwa kuliko zote. Ukiandika jina na hatima ya mtu, kitabu kinanyamaza. Hakisemi umepata wala umekosa. Mpaka uwe na watu watatu walio sahihi kabisa ndipo kinawathibitisha wote kwa pamoja. Ingekuwa mmoja mmoja, tungebahatisha: weka jina hili, likikataa weka lile, mwishowe lingekubali. Kwa watatu, kubahatisha kunachosha kuliko kufikiri. Kwa hiyo unalazimika kufikiri, na kinapothibitisha, furaha yake ni ya mtu aliyefanya kazi mwenyewe.

Nitoe mfano mmoja kwa kina. Anayetaka kuona kila kitu kwa macho yake aruke aya inayofuata.

Nahodha ni rahisi. Watu wako nje ya mlango wake wanamwita kwa cheo, mlango unafunguka, anayefyatua bastola umeshamjua. Wakubwa wote wana namna hiyo, wanatajwa, wana sare, wana vyumba vyao. Kazi iko kwa mabaharia wa kawaida. Wako wengi, wamevaa mavazi yanayofanana, na wengi wao hakuna anayewaita kwa majina. Ukiangalia orodha unaona kila mtu ana namba, unaipita kama ilivyo namba yoyote. Kisha unaingia kwenye kumbukumbu moja ya chini ya sitaha, mahali wanapolala. Machela zimening'inizwa kwa safu, nyingine zina watu, mguu wa mmoja umechomoza nje. Ukisogea karibu unaona kila machela ina kibandiko, na kwenye kibandiko kuna namba. Namba ileile ya kitabuni. Hapo ndipo unarudi kuutazama ule mguu upya, umevaa nini, na mwili ukoje, kisha unaanza kumtafuta mwenye mguu ule kwenye kumbukumbu nyingine zote. Unampata pembeni anavuta kamba. Unampata anamsaidia mwenzake aliyejeruhiwa. Muda wote alikuwepo, ulikuwa humuoni.

Kwangu mimi hilo ndilo linalolitofautisha gemu hili na mengine yote. Huwezi kulimaliza kwa kuwajua wakubwa peke yao. Mpishi, mtumishi wa chumba cha nahodha, baharia aliyesombwa na wimbi bila hata kusema neno, kila mmoja ana mstari wake kitabuni na mstari huo ni sawa na wa nahodha. Umeajiriwa na kampuni ambayo inachotaka ni kujua nani alipwe na nani asilipwe, lakini ili umpe kampuni hesabu yake ni lazima umtazame kila mtu kana kwamba ni ndugu yako amepotea. Sijui gemu lingine linalonifanya niwaangalie watu kwa heshima kiasi hiki.

Mchangiaji, Njombe

Mkuu umeeleza vizuri sana, ila nina mashaka mawili. Kwanza Kiingereza, tena cha mabaharia wa zamani. Pili, ukishajua majibu si limekwisha? Dola 20 kwa kitu cha kucheza mara moja?

Mwanzisha uzi

Hoja zote mbili ni za haki.

Kiingereza: maneno ya kila tukio ni machache na yanaandikwa kwenye kioo, kwa hiyo unasoma kwa kasi yako. Lafudhi ndizo zina kazi. Meli ina watu wa mataifa mengi, na wakati mwingine namna mtu anavyotamka ndiyo dalili ya alikotoka. Huku kwetu mtu akifungua kinywa tu unajua huyu ni wa Rungwe, huyu wa Makete, huyu Mhehe. Muskoti na Mwairishi masikioni mwetu hawako wazi namna hiyo, nakubali. Lakini fumbo limejengwa kwa njia zaidi ya moja kumfikia mtu. Ukikosa lafudhi kuna nguo, kuna viatu, kuna anayekaa naye mezani, kuna chumba alichotokea. Mdogo wangu aliyemaliza kidato cha nne alikuwa mkali wa viatu kuliko mimi.

La pili siwezi kulipinga. Ni kweli, linachezwa mara moja. Ukishajua, umejua. Lakini sioni kama ni kasoro. Saa chache ambazo akili yako inafanya kazi yote na hakuna dakika ya kupoteza, mimi nazithamini kuliko gemu la kufungua visanduku mwaka mzima. Na kuna njia ya kulirudia: kaa pembeni ya mtu anayelicheza kwa mara ya kwanza. Funga mdomo, mwache. Utaona yeye anaona vitu ambavyo wewe ulivipita.

Mchangiaji, Njombe

Hiyo ya kukaa kimya ndiyo ngumu. Sawa, nitasubiri punguzo.

Mchangiaji, Iringa

Wakuu, nimesoma uzi tangu mwanzo na kuna jambo limenijia nikaona niliseme. Sisi huku tuna fumbo la namna hii, la kweli, wala si la kubuni. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe.

Wengi mnajua nusu ya kisa. Mkwawa alijiua kwa risasi Julai 1898 ili asishikwe na Wajerumani, kichwa kikakatwa kikachukuliwa. Baada ya vita ya kwanza, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaweka kifungu cha 246 kwamba Ujerumani ilirudishe fuvu hilo. Halikurudi. Miaka ikapita mpaka Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, akaenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen mwaka 1953. Akakuta mafuvu yapatayo 2,000. Kati ya hayo, 84 yalitoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hayakuwa na majina. Wakachukua vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, wakatenga mafuvu yenye vipimo vinavyokaribiana, na katika hayo likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Ndilo lililorudishwa 1954, na ndilo lililopo Kalenga hadi leo.

Soma tena jinsi walivyolipata, halafu niambie kama si kitabu cha Obra Dinn.

Mwanzisha uzi

Nimesoma, nikainuka nikazunguka chumba. Asante sana kaka, au dada, wa Iringa.

Ni kitu kilekile kabisa. Wengi wasio na majina, dalili chache, unapunguza, unapunguza, mpaka abaki mmoja. Tofauti ni kwamba Twining hakuwa na kitabu cha kumthibitishia. Gemu likishathibitisha watatu unalala usingizi. Pale Bremen hakuna aliyethibitisha, ndiyo maana mpaka leo wapo wanaouliza kama kweli ni lenyewe. Na yale 83 yaliyobaki kwenye rafu nayo yalikuwa watu, wenye mama zao na vijiji vyao, ila hayakuwa na mkataba wa kimataifa wa kuyadai.

Hiki ndicho kilichonifanya nianzishe uzi, ingawa sikuwa na mfano mzuri kama wako. Watu wakisikia kutengeneza gemu wanafikiria jengo, mamia ya wafanyakazi na mabilioni. Gemu la fumbo halitaki hayo. Tazama The Case of the Golden Idol la 2022, limeundwa na ndugu wawili wa Latvia, picha zake hazitembei sana na wala si nzuri kwa macho, lakini mafumbo yake yanakukaba koo. Tazama Her Story la Sam Barlow, 2015: mwigizaji mmoja, Viva Seifert, amekaa mbele ya kamera anahojiwa na polisi. Wewe unaandika neno kwenye kompyuta, inakuletea vipande vya video vyenye neno hilo, vitano vya kwanza tu, na kwa maneno yako mwenyewe unakijenga kisa. Chumba kimoja, mtu mmoja, kamera moja. Hilo nalo lipo kwenye simu.

Vijana wanaosoma kompyuta hapa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, na kule Iringa uwezo wa programu wanao. Pope mwenyewe Obra Dinn alilijenga kwa Unity, programu ambayo mwanafunzi anaweza kuanza nayo bila kulipa. Kinachokula muda ni kukaa na hadithi mpaka kila dalili ikae mahali pake. Kati ya Papers, Please na Obra Dinn ilipita miaka mitano.

Mchangiaji, Iringa

Miaka mitano ni mingi, lakini wazee wanaoijua habari ya Kalenga bado wapo. Ila kwa jambo la Mkwawa, mtu asiguse bila kwenda kwanza kuzungumza na ukoo. Si mali ya kuchezea.

Mwanzisha uzi

Nakazia. Aende, aketi, aeleze anachotaka kufanya, na akiambiwa hapana iwe hapana. Hata Obra Dinn limepita kwa sababu watu wake ni wa kubuni. Marehemu mwenye wajukuu wanaoishi ni suala jingine kabisa. Mtu anaweza kuchukua namna ya kufikiri tu, akabuni kijiji chake, ukoo wake na fumbo lake. Gari la mizigo lililokutwa mlima Nyoka bila dereva. Kambi ya wapasua mbao Mufindi. Nyumba ya wageni Tukuyu siku ya mvua, wageni wanane, asubuhi wako saba. Mimi ningeicheza hata kama michoro ni ya penseli.

Mchangiaji, Uyole

Mkuu nimerudi. Nimelinunua na laptop imebeba, inapiga kelele lakini inakwenda. Nimekwama. Nina watu sita nimewaandika, kitabu kimethibitisha watatu, wengine kimya. Nifungue YouTube?

Mwanzisha uzi

Usifungue! Nakuomba. Majibu ya gemu hili ukishayaona hayafutiki kichwani.

Fanya hivi. Fungua michoro ya watu wa melini. Sura yenye ukungu maana yake bado hujaona ya kutosha kumtambua, mwache kwanza. Sura iliyokwisha kuwa wazi maana yake dalili umeshazipita, hata kama hukuziona. Chagua mmoja kati ya hao, halafu bonyeza uone anatokea kwenye kumbukumbu zipi, uzirudie zote kwa ajili yake yeye tu. Usiangalie anayekufa. Angalia wale walio nyuma, walio ngazini, walioshika taa. Na chukua daftari, uandike kwa kalamu nani umemwona na nani. Ukitaka mtu wa kubishana naye, niandikie hapa umefikia kumbukumbu gani. Nitakuuliza maswali tu, jibu sikupi.